Mshika Mbili: Historia ya Nadia Nadim, Mshambuliaji na Daktari

Januari 2022 Nadia Nadim aliutangazia ulimwengu kwamba amehitimu udaktari. Alikuwa na miaka 34, anauguza goti lililochanika, na tayari alikuwa amebeba mataji ya ligi ya Marekani na ya Ufaransa na kuichezea Denmark karibu mechi mia. Wengi walimwita muujiza. Mimi naona neno hilo halimtendei haki. Muujiza hauna sababu, na maisha ya mwanamke huyu yana sababu tele: mama aliyekataa kukata tamaa, uwanja wa mpira uliokuwa jirani na kambi ya wakimbizi, chuo kikuu kisichotoza ada, na mchezo uliowalipa wanawake kidogo mno kiasi kwamba mwenye akili alilazimika kutafuta kazi ya pili. Tuzifuate sababu hizo moja baada ya nyingine.

Herat na Kabul, 1988 hadi 2000

Nadia alizaliwa tarehe 2 Januari 1988 mjini Herat, magharibi mwa Afghanistan. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa bado nchini, yakaondoka Februari 1989 na kuacha vita nyuma yao. Baba yake, Rabani Nadim, alikuwa jenerali wa jeshi. Mama yake, Hamida, alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Watoto wao walikuwa watano, wote wa kike.

Anayetaka kuelewa kilichoifika familia hii lazima kwanza ajue mji mkuu, Kabul, ulivyokuwa kabla ya Taliban. Darasani, mwalimu mara nyingi alikuwa mwanamke. Hospitalini, madaktari wanawake walikuwa jambo la kawaida. Taliban walipoutwaa mji huo Septemba 1996, wanawake waliamriwa warudi majumbani na shule za wasichana zikafungwa. Mwaka 1997 ikatoka amri kwamba wanawake wa Kabul watibiwe katika hospitali moja tu, nayo haikuwa na vifaa vya kutosha. Baadaye amri hiyo ililegezwa, lakini ilikwisha kuonyesha msimamo wa watawala wapya: mwanamke asisome, asitibu, na hata kutibiwa kwake kuwe kwa kibali. Kwa Hamida hiyo haikuwa habari ya kusoma gazetini. Kazi yake iliondoka siku moja na shule za binti zake.

Mwaka 2000 jenerali Rabani aliitwa kwenye mkutano na hakurudi. Ilipita miezi kabla familia haijapata habari ya yakini kwamba Taliban walikuwa wamemuua. Nadia alikuwa na miaka 12. Mjane mwenye mabinti watano, katika nchi ambayo mwanamke hawezi kufanya kazi wala kutoka nje bila mwanamume wa ukoo, alikuwa na njia mbili: kukaa na kungoja hisani za watu, au kuondoka. Hamida aliuza alivyokuwa navyo na kuwalipa wasafirishaji wa magendo.

Safari ya London iliyoishia Randers

Walivuka usiku hadi Pakistan. Huko wakapatiwa pasipoti za kughushi na kupanda ndege hadi Italia, kisha wakafichwa nyuma ya lori. Waliahidiwa kupelekwa Uingereza, na mabinti wale walitarajia kuteremkia London, penye saa kubwa waliyoiona kwenye picha. Lori liliposimama na turubai kufunuliwa, waliona miti. Walipomuuliza mpita njia wako wapi, wakaambiwa wako Denmark. Mji wenyewe uliitwa Randers, mji wa wastani katika rasi ya Jutland.

Kosa hilo la dereva, au udanganyifu wake, liliamua mengi. Sitaki kusema kwamba London isingemfaa Nadia. Ila Denmark ilikuwa na mambo mawili yaliyomfaa kwa namna ya pekee, na yote mawili yalikuwa yamejengwa na wanawake waliomtangulia.

La kwanza ni tiba. Mwaka 1875 amri ya kifalme iliwafungulia wanawake wa Denmark chuo kikuu, na miaka miwili baadaye Nielsine Nielsen akaingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1885, daktari wa kwanza mwanamke nchini humo. Nadia alipowasili, zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita, na msichana wa Denmark aliyetaka kuwa daktari hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alihitaji alama tu.

La pili ni mpira. Mwaka 1971 timu ya wanawake wa Denmark ilikwenda Mexico kwenye mashindano ya dunia ambayo FIFA haikuyatambua, ikawafunga wenyeji 3–0 katika fainali kwenye uwanja wa Azteca, mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kufika 110,000. Mabao yote matatu yalifungwa na Susanne Augustesen, msichana wa miaka 15. Shirikisho la soka la Denmark, lililokuwa likiwapa mgongo wanawake, likawakubali rasmi mwaka uliofuata. Tangu hapo klabu za vijijini na mitaani zikaanzisha timu za wasichana, zikifundishwa na watu wa kujitolea na kuchezea viwanja vya manispaa. Uwanja mmoja wa namna hiyo ulikuwa unamsubiri Nadia.

Uwanja wa jirani

Familia ilipelekwa kwanza kambi ya Sandholm, kisha kambi ya Visse karibu na Aalborg, kungoja uamuzi wa maombi ya hifadhi. Jirani na kambi palikuwa na viwanja vya klabu ya Gug. Baba yao aliwahi kuwaletea mpira nyumbani Afghanistan, wakauchezea ndani ya ukuta wa bustani, mbali na macho ya watu. Hapa, kwa mara ya kwanza, Nadia aliona wasichana wakifanya mazoezi hadharani, wamevaa jezi, na kocha akiwapigia filimbi kama wanavyopigiwa wavulana. Aliwatazama kwa siku kadhaa kabla ya kupata ujasiri wa kuomba kujiunga. Kidenmaki hakukijua bado. Kocha akamruhusu.

Jambo hili dogo hupitwa haraka katika simulizi nyingi za wanamichezo, nami napenda tulisimamie. Kocha yule hakuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto huyu wa kambini angekuwa mshambuliaji wa timu ya taifa. Alimfungulia geti kwa sababu klabu ilikuwa ya watu wote wa mtaa, na kambi ilikuwa sehemu ya mtaa. Kambi za wakimbizi zinazojengwa nyikani, mbali na shule na viwanja, humnyima mtoto nafasi kama hiyo kabla hata hajaulizwa anapenda nini.

Familia ilipopewa hifadhi ilihamia Aalborg. Nadia alipanda ngazi haraka: Gug, B52 Aalborg, Team Viborg, kisha IK Skovbakken ya Aarhus mwaka 2006. Alikuwa mshambuliaji mwenye mwili wa nguvu, mahiri kwa kichwa, asiyeogopa kuguswa na beki. Alipotimiza miaka ya utu uzima akapata uraia, na watu wa timu ya taifa wakamtaka. Hapo kanuni za FIFA zikamzuia: aliyebadili uraia alitakiwa awe ameishi katika nchi mpya miaka mitano baada ya kufikisha miaka 18. Kanuni hiyo ilitungwa kuzuia nchi tajiri zisinunue wachezaji, na sasa ilikuwa inamfungia nje mtoto aliyefika ndani ya lori. Shirikisho la Denmark lilipinga, na mwaka 2009 wanasheria wa FIFA wakakubali kumpa msamaha. Machi mwaka huohuo alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Marekani katika Kombe la Algarve, akawa mtu wa kwanza aliyepata uraia wa Denmark kwa kuomba kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya nchi hiyo.

Aarhus: kitabu na kiatu

Wahenga walituonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kwa wanasoka wa kiume wa Ulaya onyo hilo lina maana, kwa sababu moja ya hizo mbili huwalipa mamilioni. Kwa wanawake wa kizazi cha Nadia halikuwa na maana. Ligi ya Denmark haikuweza kumlisha mchezaji, seuze kumtunza baada ya kustaafu. Wenzake wengi walikuwa wauguzi, walimu, wanafunzi. Kushika mbili ndiyo yalikuwa maisha yenyewe. Kilichomtofautisha Nadia ni uzito wa ile ya pili.

Udaktari Denmark ni miaka sita: mitatu ya shahada ya kwanza na mitatu ya shahada ya uzamili, pamoja na miezi mingi ya mafunzo wodini. Chuo Kikuu cha Aarhus hakimtozi raia ada, na serikali humpa mwanafunzi posho ya kila mwezi ya kujikimu. Natia mkazo hapa kwa sababu wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanajua gharama ya kumsomesha mtoto udaktari, wanajua shamba lililouzwa na mkopo usiokwisha. Mjane wa kikimbizi mwenye watoto watano asingeweza kulipa. Bila elimu ya bure, simulizi hii ingekuwa ya mpira peke yake.

Kwa nini hakuchagua masomo mepesi? Nadia mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba mpira una mwisho wake na kwamba alitaka kazi itakayomfanya awe na manufaa kwa watu. Shabaha yake ni upasuaji wa kurekebisha viungo na majeraha, fani ambayo wahanga wa vita huihitaji sana. Mimi nasoma pia kitu kingine katika uamuzi huo. Mtoto aliyeona mama yake, mwalimu mkuu, akivuliwa kazi kwa tangazo la redio na bunduki, hujifunza mapema kuwa mshahara hunyang'anywa na cheo hunyang'anywa. Ujuzi ulio kichwani na mikononi huvuka mpaka pamoja na mwenyewe.

Ratiba yake ilikuwa ngumu. Skovbakken ilikuwa palepale Aarhus, hivyo mhadhara wa asubuhi na mazoezi ya jioni viliwezekana. Mwaka 2012 alipohamia Fortuna Hjørring, klabu kubwa iliyo zaidi ya kilomita 100 kaskazini, barabara ikaongezeka. Hata hivyo miguu haikulegea. Septemba mwaka huo, katika mechi yake ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, aliifungia Fortuna mabao yote mawili ya ushindi wa 2–1 dhidi ya Glasgow City.

Marekani, 2014 hadi 2017

Mwaka 2014 Sky Blue FC ya New Jersey ilimchukua kwa mkopo mwishoni mwa msimu. Alifunga mabao 7 katika mechi 6, wakamrudisha mwaka uliofuata. Mwaka 2016 alihamia Portland Thorns, klabu yenye mashabiki wengi kuliko zote katika ligi ile, na kwa mabao 9 akawa mfungaji wake bora msimu huo. Oktoba 2017 Thorns walitwaa ubingwa kwa kuwafunga North Carolina Courage 1–0.

Kalenda ya Marekani ilimsaidia kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Ligi ile huanza baada ya baridi kuisha na kumalizika vuli. Miezi iliyobaki, wenzake wakipumzika au kwenda kucheza Australia, yeye alirudi Denmark kwenye vitabu na wodi. Ndiyo maana masomo yake yalichukua muda mrefu kuliko ya wenzake darasani, na ndiyo maana hayakukatika.

Kiangazi cha 2017

Mashindano ya Ulaya ya mwaka huo yalifanyika Uholanzi, na Denmark hawakuwa kwenye midomo ya watabiri. Robo fainali walikutana na Ujerumani, mabingwa wa mara sita mfululizo, taifa lililokuwa halijaliachia kombe hilo tangu 1995. Mvua iliyonyesha Rotterdam ilikuwa kubwa mno, mechi ikaahirishwa hadi mchana wa siku ya pili, tarehe 30 Julai. Wajerumani walitangulia dakika ya tatu. Mara tu kipindi cha pili kilipoanza, Nadia aliruka na kusawazisha kwa kichwa. Zikiwa zimebaki dakika chache Theresa Nielsen naye akapiga kichwa cha ushindi. Utawala wa zaidi ya miaka 20 ukaishia pale.

Denmark waliwatoa Austria kwa penalti, na tarehe 6 Agosti wakaingia fainali mjini Enschede dhidi ya wenyeji. Dakika ya sita ikapatikana penalti. Nadia akaipiga, ikaingia. Wenyeji walijibu na kushinda 4–2, lakini nyumbani timu ilipokewa na umati kama mabingwa, na jina lake likajulikana katika kila nyumba ya Denmark, zikiwemo zile ambazo siku hizo zilikuwa zikibishana vikali kuhusu wakimbizi.

Majira hayohayo yalifichua thamani halisi waliyopewa wachezaji hawa. Mazungumzo ya mkataba kati yao na shirikisho yalivunjika. Ubishi ulikuwa juu ya malipo na juu ya nani hasa ni mwajiri wao. Mechi ya kirafiki dhidi ya Uholanzi ilifutwa, na tarehe 20 Oktoba 2017 mechi ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Uswidi haikuchezwa. UEFA iliwapa Waswidi ushindi wa 3–0 na kuitoza Denmark faini. Denmark walimaliza kundi nyuma ya Uswidi, wakatolewa na Uholanzi katika mchujo, na Kombe la Dunia la 2019 nchini Ufaransa likachezwa bila wao. Timu iliyokuwa ya pili barani Ulaya ililazimika kugoma ili itambuliwe kuwa ina wafanyakazi. Anayeuliza kwa nini nyota wa timu hiyo alishikilia vitabu vya anatomia hadi mwisho, jibu lake liko hapo.

Manchester na Paris

Januari 2018 alihamia Manchester City na kufunga katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Reading. Hakukaa, baada ya mwaka mmoja akaenda Paris Saint-Germain. Huko alicheza soka iliyokomaa kuliko yote ya maisha yake, na mwaka 2021 PSG wakatwaa ubingwa wa Ufaransa. Uzito wa taji hilo unaeleweka kwa kuangalia orodha ya mabingwa: Lyon walikuwa wameshinda mara 14 mfululizo kabla ya hapo.

Paris pia ilimpa jukwaa. Mwaka 2019 UNESCO ilimteua kuwa mtetezi wa elimu ya wasichana na wanawake. Alijiunga pia na juhudi za KLABU, taasisi inayojenga vituo vya michezo katika makazi ya wakimbizi na ambayo ilianzia Kalobeyei, kaunti ya Turkana nchini Kenya. Kwa mtu aliyejifunza mpira nje ya kambi ya Visse, kazi ile haikuhitaji maelezo. Si kila alichofanya kilipokewa vizuri. Alipokubali kuwa balozi wa Kombe la Dunia la Qatar alikosolewa sana Denmark, ambako hali ya wafanyakazi wahamiaji waliojenga viwanja ilikuwa mjadala mkali. Naona ukosoaji huo ulikuwa wa haki, na haufuti mengine.

2021 na 2022

Katikati ya 2021 alirudi Marekani, safari hii Racing Louisville ya Kentucky. Tarehe 15 Agosti Taliban waliingia tena Kabul. Wachezaji wa kike wa Afghanistan, ambao timu yao ya taifa ilianzishwa mwaka 2007, walichoma jezi na kufuta picha zao mitandaoni, na wengi wao wakaokolewa kwa ndege hadi Australia. Nadia alisema kila mahali alipopewa nafasi ya kusema. Mwezi uliofuata kano ya mbele ya goti lake ikachanika.

Jeraha hilo humweka mchezaji nje miezi mingi, na kwa mwenye miaka 33 mara nyingi huwa ndiyo mwisho. Yeye alihitimu Januari. Kiangazi cha 2022 alikuwa tena katika kikosi cha Denmark kwenye mashindano ya Ulaya nchini Uingereza, na mwaka huohuo alivuka mechi 100 za kimataifa.

Tarehe 22 Novemba 2022 alikuwa Doha, akichambua mechi ya Denmark na Tunisia kwa ajili ya televisheni ya ITV ya Uingereza, alipopata habari kwamba mama yake amegongwa na lori nchini Denmark na kufariki. Aliondoka studio saa ileile. Hamida alikuwa na miaka 57. Alikuwa ameishi kumwona binti yake akiitwa daktari.

Nadia hakutundika viatu. Alirudi tena uwanjani, na Januari 2024 alisajiliwa na AC Milan ya Italia, nchi ambayo miaka zaidi ya 20 kabla aliipita kwa pasipoti isiyo yake.

Herat leo

Desemba 2022 Taliban walifunga vyuo vikuu kwa wanawake wote wa Afghanistan. Mlango mdogo uliobaki ulikuwa vyuo vya uuguzi na ukunga, na wasichana wengi waliokuwa wamekatiwa masomo walikimbilia huko. Desemba 2024 navyo vikafungwa. FIFA, baada ya shinikizo la miaka mingi la wachezaji walio uhamishoni, iliidhinisha mwaka 2025 timu ya wanawake wakimbizi wa Afghanistan ili angalau waweze kucheza. Hilo ni jema, ila linawahusu waliokwisha kutoka. Msichana wa Herat mwenye miaka 12 leo, umri aliokuwa nao Nadia alipofiwa na baba, haruhusiwi kuendelea na shule baada ya darasa la sita.